JE, HADITHI INAMKUMBUKA MHUSIKA WAKE?
Somo kuhusu kuchagua jamii ya mhusika katika michezo ya kompyuta

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Chama cha Kiswahili

Kabla sijafika mbali, niruhusu nikiri kosa langu hadharani. Nilipokuwa Kidato cha Pili niliandika insha kuhusu mzee kipofu aliyefunga safari kwenda mjini kumtafuta mwanawe. Nilijipiga kifua kwamba nimeandika insha ya kukata na shoka. Methali nilizitia kama chumvi, na tashbihi ndizo usiseme! Daftari liliporudi nilikuta alama 11 kwa 20. Mwalimu alikuwa ameizungushia duara jekundu sentensi moja ya ukurasa wa tatu, pale mzee wangu alipofungua barua akaisoma huku machozi yakimdondoka. Kando yake aliandika: "Macho ameyapata wapi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kicheko cha mkuki kwa nguruwe. Tangu siku hiyo kila nisomapo hadithi, nitazamapo filamu au nichezapo mchezo wa kompyuta, swali hilo hunijia: je, hadithi hii inakumbuka ilichotuambia mwanzo? Ndilo swali la somo letu la leo, nami nitalijibu kwa mifano ya michezo ya kompyuta, hasa ile inayomruhusu mchezaji kuchagua mhusika wake ni wa jamii gani.

Walimu wetu wapendwa, msinikunjie nyuso. Sichezi usiku wa kuamkia mtihani. Hucheza likizoni kwa binamu yangu ambaye hutengeneza kompyuta, naye huketi kando yangu maana baadhi ya michezo hii ina damu nyingi na imekusudiwa watu wazima.

1. MICHEZO HII NI YA NAMNA GANI?

Nitaiita michezo ya uhusika, kwa sababu mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kuamua atende nini, aseme nini na aende wapi. Chimbuko lake si kompyuta. Mwaka wa 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mchezaji aliweza kuwa binadamu, au kiumbe wa kubuni kama vile kibeti na elfi. Elfi ni kiumbe mwenye umbo la mtu, masikio yaliyochongoka na umri mrefu kupita kiasi. Tafadhali usimchanganye na elfu ya kuhesabia! Kompyuta zilipoenea, michezo yake iliurithi utaratibu huo. Ndiyo maana hadi leo, kabla hujapiga hatua ya kwanza, unaulizwa: wewe ni nani?

Hapa pana suala la istilahi ambalo sisi wa Chama cha Kiswahili hatuwezi kuliruka. Kundi hilo la viumbe tuliite nini? Neno "rangi" halitoshi, maana tofauti yao si ngozi pekee. "Mbari" ni dogo mno, kwa kuwa humaanisha watu wa ukoo mmoja. "Kabila" nalo hapa kwetu limebeba mzigo mzito, na kila uchaguzi ukikaribia mzigo huo huongezwa. Hata wenyewe wenye Dungeons & Dragons walilifikiria upya jambo hili; katika kitabu chao cha mwaka wa 2024 waliliacha neno la zamani wakatumia neno lenye maana ya spishi. Mimi nimechagua "jamii". Ni neno pana na halimtusi mtu.

2. MIZANI TUTAKAYOTUMIA

Katika fasihi tunafundishwa kwamba hadithi yaweza kuwa ya uongo mtupu na bado ikawa na ukweli wake. Sungura hasemi, lakini akisema katika ngano hatushangai. Tunashangaa akimshinda Fisi kwa nguvu za misuli, kwa sababu tumekwisha kuambiwa kwamba Sungura ni mdogo na silaha yake ni akili. Kwa hivyo mtunzi yu huru kuweka kanuni yoyote aitakayo. Akishaiweka, inamfunga na yeye pia.

Tena mtazame Fumo Liyongo. Nguvu zake peke yake hazikuwa hatari kwa Sultani wa Pate. Hatari ilikuwa kwamba mtu mwenye nguvu namna ile angeweza kudai kiti. Angekuwa mpita njia asiye na mizizi, sultani angempa kazi ya ulinzi, na hadithi ingeishia hapo. Yaani asili ya mhusika ni kama mshipi: ukiuvuta, msuko mzima unasogea.

Sasa mchezo wa kompyuta una ugumu ambao mtambaji wa ngano hana. Mtambaji ndiye anayeamua shujaa ni nani. Katika mchezo, mchezaji ndiye anayeamua, na mtunzi alikwisha kuandika hadithi kabla hajajua jibu. Je, hadithi itageuka kumfuata mhusika, au itajifanya haimwoni?

3. MFANO WA KWANZA: LANGO LA WINDHELM

Mchezo wa The Elder Scrolls V: Skyrim ulitolewa mwezi wa Novemba mwaka wa 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Una jamii 10 za kuchagua. Nilichagua Mwargonian, mtu mwenye umbo la mjusi anayeweza kupumua ndani ya maji. Nilipenda mkia wake, basi.

Kaskazini mashariki mwa nchi hiyo ya kubuni pana mji wa kale uitwao Windhelm, wenyeji wake wakiwa Wanord. Mchezo unatueleza bayana kwamba Waargonian hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Hufanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo gatini, na hulala huko huko nje kwenye baridi. Wadunmer, ambao ni elfi waliotoroka maafa ya nchi yao, wamesongamana katika mtaa mmoja uliochakaa. Ukiingia mjini mara ya kwanza unawakuta Wanord wawili wakimbughudhi mwanamke wa Kidunmer. Wakhajiit nao, wafanyabiashara wenye sura ya paka, hupiga mahema nje ya miji kwa sababu hawaaminiki kuingia.

Naam, mambo mazito haya! Nikajitayarisha kufukuzwa. Nikalisukuma lango la Windhelm, na lango likafunguka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikakodi chumba cha kulala mjini. Baadaye binamu akaniambia kwamba nikifanya kazi fulani fulani nitaweza hata kununua nyumba kubwa ndani ya kuta na kupewa cheo cha heshima. Wakati huo ndugu zangu Waargonian walikuwa bado wako gatini wakitetemeka, na hakuna aliyeshangaa mimi niko ndani nikiota moto.

Watetezi wa mchezo huu husema, "Lakini mhusika mkuu si mtu wa kawaida, ana roho ya joka!" Hoja hiyo ina miguu mifupi. Lango hufunguka hata ukienda Windhelm moja kwa moja tangu mwanzo, ungali mfungwa uliyenusurika kukatwa kichwa, hujaua joka hata moja. Hapo walinzi wamejuaje?

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zipo sehemu ambapo Skyrim hukumbuka. Ukiwa Morc, ngome za Waorc hukufungulia kama mtoto wa nyumbani, ilhali wa jamii nyingine hana budi kuwatumikia kwanza ndipo akubaliwe. Na ipo karamu ya ubalozi wa Wathalmor, ambao ni elfi wa jamii ya Altmer; ukiwa Maltmer na ukavaa joho lao, utapita mbele ya askari wao wakikudhani ni mwenzao. Hayo ni madogo, lakini yanatosha kuonyesha kwamba watunzi walijua namna ya kukumbuka. Langoni Windhelm walisahau, au waliamua kusahau.

4. MFANO WA PILI: MITO SITA, ZIWA MOJA

Miaka miwili kabla, Novemba 2009, kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Dragon Age: Origins. Hapa kuna mianzo 6 tofauti. Waweza kuanza ukiwa mtoto wa mkuu wa binadamu, mchawi aliyelelewa mnarani, elfi wa msituni, elfi wa mtaa duni mjini, kibeti mwana wa mfalme, au kibeti asiye na tabaka. Kila mmoja ana watu wake na maafa yake, kisha wote huchukuliwa na mzee mmoja, Duncan, kwenda kujiunga na kikosi cha Grey Wardens. Ni kama mito sita inayomwaga maji katika ziwa moja.

Je, ziwa hukumbuka mito? Tuangalie vibeti wawili. Mji wao ni Orzammar, ulio chini ya ardhi, na watu wake wamegawanywa kwa matabaka. Mwana wa mfalme anasalitiwa na mdogo wake, Bhelen, na kutupwa nje. Kibeti asiye na tabaka naye amechorwa alama usoni tangu utotoni ili kila mtu amjue kuwa si kitu. Ana dada, Rica, anayejaribu kupendwa na bwana mkubwa ili familia iinuke.

Saa nyingi baadaye hadithi inakurudisha Orzammar. Mfalme amekufa. Wanaogombea kiti ni wawili, Bhelen na mzee Harrowmont, nawe lazima uamue unamsaidia nani. Uamuzi ni huo huo kwa kila mchezaji, lakini uzito wake je? Kwa mwana wa mfalme, kumtawaza Bhelen ni kumvika taji aliyekuangamiza. Kwa yule asiye na tabaka, Bhelen ndiye aliyemchukua Rica na kuzaa naye mtoto wa kiume. Kwa hivyo mpwa wako amezaliwa ikulu! Isitoshe, Bhelen akitawala huwafungulia wasio na tabaka milango waliyofungiwa, ingawa huwakandamiza wapinzani wake. Harrowmont ni mtu wa heshima, lakini atayaacha matabaka yalivyo.

Hapo ndipo niliposimamisha mchezo nikaenda kunywa maji. Nilielewa kwamba kuchagua jamii si kuchagua sura ya kutazama kwenye kioo. Ni kuchagua utasimama wapi siku ya uamuzi, na nani ataumia ukisema ndiyo.

5. MFANO WA TATU: KUNYIMWA CHAGUO

Mwezi wa Machi mwaka wa 2011 ikaja Dragon Age II. Safari hii mchezaji hana hiari, ni lazima awe binadamu aitwaye Hawke. Wapo wachezaji waliokasirika. Rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja husema huo ni udikteta.

Mimi sikubaliani naye kabisa. Hadithi ya Hawke ni ya familia: mama, ndugu mapacha wawili, na ukoo uliopoteza mali yake mjini Kirkwall. Mama wa binadamu hawezi kuzaa kibeti au elfi. Fauka ya hayo, katika Origins maneno ya mhusika mkuu huandikwa tu kwenye kioo, lakini Hawke husema kwa sauti. Kila neno lililotamkwa ni mwigizaji aliyelipwa na kurekodiwa. Mtunzi aliyekupunguzia hiari ili akupe familia iliyokamilika hajakuibia, amebadilishana nawe. Hali ni hiyo hiyo kwa The Witcher 3 wa Poland, uliotoka mwaka wa 2015. Mhusika mkuu ni Geralt, hupewi kumchagua, kwa sababu yeye ni mhusika wa vitabu vya Andrzej Sapkowski, na dunia nzima inamjua kwa jina.

Mwaka wa 2014 BioWare walirudisha chaguo katika Dragon Age: Inquisition. Hebu tupige hesabu. Jamii 4, jinsia 2 na fani 3 za vita ni mhusika wa aina 24. Katika ulimwengu huo vibeti hawawezi kuwa wachawi, kwa hivyo ondoa 2, wabaki 22. Nani ataandika mazungumzo ya watu 22 na bado amalize kazi? Watunzi walichagua mahali muhimu pa kukumbuka. Kwa mfano katika dhifa ya ikulu, mhusika ambaye si binadamu huanza akiwa na imani ndogo zaidi mbele ya mabwana wakubwa. Wanamdharau kabla hajafungua kinywa. Dhifa ni ile ile, ila mlima wa kupanda ni mrefu zaidi. Vivyo hivyo katika Baldur's Gate 3 wa mwaka wa 2023, kambi ya magoblini humpa heshima mhusika wa jamii ya Drow, maana mmoja wa viongozi wao ni Drow.

6. KWA NINI NALICHUKULIA KWA UZITO

Huenda unasema, "Aa, si ni mchezo tu!" Hata binamu alisema hivyo. Basi nitasimulia jambo moja nifunge mdomo.

Mwaka jana mimi na mama tulikwenda kutafuta nyumba ya kupanga, karibu zaidi na shule yetu ili nisiwe nadamka saa kumi. Tuliona ploti yenye kibao langoni kwamba vyumba vipo. Mwenye ploti alitukaribisha vizuri, akatuonyesha chumba, akataja kodi. Mama akakubali. Kisha yule mzee akauliza, "Mama, jina lako la pili ni nani?" Mama akalitaja. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Pole, nimekumbuka, hicho kilichukuliwa jana." Mama alisema asante. Njiani hakuzungumza mpaka tulipofika stejini, na hapo aliniuliza tu kama nina njaa. Wiki mbili baadaye nilipita pale. Kibao kilikuwa bado kinaning'inia.

Likizo hiyo ndipo nilipofika lango la Windhelm. Lilipofunguka, kwanza nilifurahi. Halafu furaha ikageuka kitu kingine. Nilihisi kama mtu ameichukua habari ya mama yangu akaitundika ukutani kama pambo. Mchezo ulitaka sifa ya kuzungumzia ubaguzi, lakini haukutaka mimi niuonje. Ulinionyesha ukuta kisha ukaniambia haunihusu.

Rafiki yangu wa dawati alinipinga, na hoja yake ni ya haki. Alisema, "Ndugu yangu, mtu amechoka na malango ya kweli. Mwache angalau kwenye mchezo apite!" Nililala na swali hilo. Jibu langu ni hili: kama mchezo ni wa kupumzika, usijenge ukuta kabisa. Yapo malimwengu ya kubuni ambamo jamii zote huishi pamoja, na hakuna ubaya wowote. Lakini ukijenga ukuta, uwe ukuta. Nifungie lango, kisha unipe njia ya kupita: hila, rafiki, hongo, au ushujaa. Hapo nitakapoingia nitakuwa nimeingia kweli, na wale walio gatini watajua kwamba mmoja wao amepita.

7. MAFUNZO KWA MWANDISHI WA INSHA NA TAMTHILIA

Kwanza, ukimpa mhusika sifa, andika kando ya daftari sifa hiyo itamzuia nini na itamsaidia nini. Kama haizuii wala haisaidii, iondoe.

Pili, kanuni za ulimwengu wako zimguse mhusika mkuu kabla ya wote. Akiepuka, toa sababu, na sababu ijulikane mapema.

Tatu, huna haja ya kukumbuka kila mahali. Chagua sehemu mbili tatu zenye uzito, mathalan langoni, karamuni na siku ya uamuzi, ukumbuke hapo barabara.

Nne, usiogope kupunguza. Mhusika mmoja aliyekamilika ni bora kuliko kumi walio vivuli. Mshika mawili moja humponyoka, seuze mshika ishirini na mawili!

8. MASWALI YA MAZOEZI

(a) Eleza tofauti kati ya chaguo linalobadilisha sura ya mhusika na chaguo linalobadilisha msuko. (Alama 4)
(b) "Mama wa binadamu hawezi kuzaa kibeti." Jadili ukirejelea uhuru wa mchezaji na ushikamano wa hadithi. (Alama 6)
(c) Chukua ngano yoyote ya kwenu. Mbadilishe shujaa awe mgeni kutoka mbali, kisha uonyeshe matukio matatu ambayo lazima yabadilike. (Alama 6)
(d) Andika aya moja ambamo lango linafungwa mbele ya mhusika wako, na aya ya pili ambamo anapata njia. Asipite bila sababu. (Alama 4)

HITIMISHO

Wino unaniishia, kwa hivyo nitafunga. Ile insha ya mzee kipofu niliiandika upya. Safari hii barua ilipofika, mzee aliipapasa, akainusa, kisha akamwomba mtoto wa jirani amsomee. Mtoto alifika mahali fulani akasita, akaruka mstari. Mzee akajua kwa ule usitaji kwamba mwanawe hayupo tena. Nisingalimpata mtoto huyo kama nisingalikumbuka kwamba mzee haoni. Mwalimu alinipa 17.

Mama naye tulimpatia nyumba mtaa wa pili. Mwenyewe hakuuliza jina, aliuliza kama tunapika kwa makaa, kwa sababu dari ni ya mbao. Ninadamka saa kumi na moja sasa.

Kwaherini, na tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.